Tulivyomfuata Mpiga Ngoma Baraka, na Kwa Nini Kreti Haifunguliwi

Kila anayeingia kwangu Rugenge, hapa Uvira, siku hizi anaiona kreti ya sucré, soda zile za chupa, chini ya meza, imejaa, vifuniko vyote mahali pake, na anauliza kifungulio kiko wapi kabla hajauliza mama yangu ameamkaje. Ninakataa. Ananuna. Anakwenda kutangaza mtaani kwamba Etiene amekuwa mchoyo tangu arudi kutoka Baraka. Basi nimechoka kurudia habari moja mbele ya kila mwenye kiu. Ninaandika mara moja, msome, mpitishiane, halafu mkanunue vinywaji vyenu wenyewe.

Kwa wasiotujua: Kutu ni bendi yetu. Tuko watatu. Mimi napiga gitaa na kuimba, kama mnaweza kuita kule kuimba. Kiza anapiga besi. Safi anapiga ngoma. Muziki wetu ni ule mzito ambao majirani wanauita "ile kelele," na kusema kweli majirani ndio pekee waliokwisha kukubaliana juu ya jina. Mimi na Kiza bado. Yeye anashikilia kwamba tunapiga duumu, metali ile inayoburuta miguu kama mtu aliyetumwa asikotaka. Mimi nasema ni thrashi, ile inayokimbia kama imeiba kuku. Tumegombania neno hilo mvua na jua. Safi hakuwahi kusema upande wowote. Alikuwa anatungoja tumalize, halafu anahesabu kwa vijiti na tunaanza.

Sasa, baada ya kubembeleza kila mwenye ukumbi hapa mjini, tukapata mmoja aliyekubali tupige Jumamosi mchana. Jukwaa la kwanza la kweli. Na wiki hiyohiyo baba yake Safi, aliyeko Baraka, akapata habari kwamba binti yake wa kwanza, aliyemtuma Songo, hapahapa Uvira, kwa ndugu ili asome ushonaji, anashinda akipiga vyuma pamoja na wanaume wawili wasiojulikana ni wa nani. Akamwita nyumbani. Cherehani ilikuwa imeshanunuliwa, imewekwa chini ya dirisha, inamngoja. Safi akanitumia sauti kwenye simu, fupi: "Baba hakatae ngoma. Anakataa batu hajue. Mukuje mujulikane, nitarudi na nyie. Musipokuja, minye nitakuwa fundi wa nguo mpaka kufa."

Bila Safi, Kutu ni watu wawili wanaogombana karibu na waya. Tukasema tunaenda.

Lakini kwa baba wa binti huendi kama unaenda dukani. Unahitaji mtu mzima wa kukusemea. Nikamchukua Mjomba Lusambya, kaka wa mama yangu, mtu anayeamini kwamba muziki ulimalizika siku redio yake ya betri ilipoharibika. Nikamweleza wazi: Mjomba, tunaenda kuomba mpiga ngoma. Akasema ndiyo, ndiyo, ameelewa. Kesho yake akaja na kreti ya sucré na kitenge kilichokunjwa vizuri cha kumpa mama yake Safi. Nikauliza vya nini.

"Kwa baba ya binti, mukono mutupu? Weye ulilelewa na nani?"

Swali gumu, kwa sababu kwa sehemu kubwa nililelewa na yeye.

Kavimvira kwanza, ingawa Baraka iko upande mwingine

Mwenye akili akitoka Rugenge kwenda Baraka anaelekea kusini. Sisi tulianza kwa kwenda kaskazini, kwa sababu Kiza yuko Kavimvira, karibu na mpaka, na alikuwa amesema yuko tayari. Mnamjua Kiza. Akisema yuko tayari maana yake ameamka.

Kazi yake ni kuwajazia watu nyimbo kwenye simu. Ana meza, mwavuli na kompyuta ya kubebeka isiyo na herufi zote. Wafanyabiashara wanaovuka kwenda na kutoka Burundi wanamwachia simu, wanasema wanataka nini, na yeye anawapa wanachotaka pamoja na anachoona kinawafaa. Ukiomba rumba anakuongezea bendi moja ya Lubumbashi inayoitwa Mfereji Mweusi. Ukiomba kwaya, kati ya kwaya mbili anakuwekea wimbo mzito mmoja, kama mama anayeficha dawa ndani ya bugali. Yeye anaita hiyo kupendekeza.

Tulimkuta amesimama, mikono juu, mbele yake mama mmoja anayeuza mawese.

"Niliomba kwaya," mama alikuwa anasema. "Wimbo wa kwanza, kwaya. Wa pili, kwaya. Tulikuwa mu chumba ya maombi, muchungaji amefunga macho. Wa tatu, simu ikaanza kunguruma! Bakaniombea minye, bakaombea na simu!"

Mtu mwingine angeomba msamaha. Kiza akauliza, "Lakini, Mama, gitaa uliisikia?"

Nilitamani kurudi nyumbani. Mjomba akaketi juu ya kreti na kuomba maji. Mama wa mawese akasema haondoki mpaka simu isafishwe mbele ya macho yake, wimbo kwa wimbo, na kila wimbo Kiza alitaka kwanza kueleza ni wa aina gani. Huu ni panki, Mama, hauna ubaya. Huu ni metali nyeusi, lakini waimbaji wana adabu. Jua likapanda. Walipomaliza, mama akachukua simu, akaenda hatua chache, kisha akarudi akiwa ameinama kidogo.

"Ile ya tatu uiache. Inaamusha batoto ba masomo."

Kiza alitembea na ushindi huo mpaka Kalundu, bandarini, tulikotafuta lori.

Juu ya magunia, kuelekea Makobola

Lori tulilopata lilikuwa limebeba magunia ya unga na watu juu ya magunia. Habari za kutafuta nafasi naziacha, hazina utamu. Ziwa likawa kushoto, milima kulia, vumbi katikati, na kreti kwenye mapaja yangu kwa sababu Mjomba alikataa iguse unga.

Lori lile lilikuwa na sheria. Shoferi, baba mmoja mnene mwenye taulo shingoni, alikuwa amefunga spika nyuma ya kabini, na kila abiria alikuwa na haki ya wimbo mmoja. Ukipendeza unashangiliwa. Usipopendeza unazomewa mpaka kona inayofuata. Tukasikia rumba ya orkestra fulani ya zamani, Mjomba akalia machozi kidogo. Tukasikia kwaya iliyopendekezwa na mama muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, aliyeketi kwa starehe juu ya mguu wangu. Tukasikia kijana wa Mboko anayeimba haraka mpaka nikadhani anadaiwa. Zamu yetu ikafika. Kiza akatoa kadi yake ya nyimbo kwa heshima, kama anatoa sadaka, na akachagua wimbo wetu wenyewe, "Kura Imeenda." Kura, kama mnavyojua, ndio umeme, na mnajua pia unavyoenda.

Gitaa likaingia. Besi ikaingia. Nikaingia mimi na koo langu.

Lori likasimama.

Shoferi akaruka chini, taulo likaanguka, akaingia chini ya lori kwa mgongo. Tukamsikia akigonga vyuma huku na kule. "Gia!" akapiga kelele. "Gia imekufa! Mushuke wote!" Watu wakashuka na mbuzi wao. Kiza akainama, akamwambia kwa upole kwamba si gia, ni bendi. Shoferi akatoa kichwa chenye mafuta.

"Usinichekee. Minye niko na gari hii tangu ujana. Ninajua inavyolia."

Tukacheza wimbo tena ili aamini. Akasikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye tairi. Halafu akarudi chini ya gari kuangalia gia kwa hakika zaidi, na huko akakuta bolti moja kweli imelegea. Ikachukua muda mrefu kuikaza. Kiza anasema sisi ndio tuliookoa lori lile. Abiria hawakuliona hivyo.

Tulipokuwa tunangoja kando ya barabara, mama wa ndagala akaniuliza, "Ule anayelia mu wimbo, ni weye?"

"Ni mimi, Mama."

"Unalia ju ya nini?"

"Umeme. Umekatika, na mtu alikuwa karibu kumaliza kazi."

Akafikiri. "Aah. Basi ulilia kidogo. Minye friji yangu ikizima na samaki iko ndani, naliaka kuliko vile." Akanipa ndagala za kukaanga kwenye gazeti, zenye pilipili ya kutosha kunifundisha sauti mpya. Huo ndio uhakiki bora tulioupata safari nzima, na Kiza akauharibu kwa kumuuliza kama kilio chake yeye ni cha duumu au cha thrashi.

Kamba ya Makobola

Makobola kulikuwa na kamba barabarani. Mnazijua kamba: haishuki mpaka utoe kitu. Mwenye kamba, kijana aliyevaa miwani ya jua ya kike, akaangalia magunia, akaangalia mbuzi, akaona kreti. Uso wake ukafunguka.

"Hii joto," akasema. "Hamuoni hii joto?"

Tulikuwa tunaiona. Akanyoosha mkono kwenye chupa. Hapo Mjomba Lusambya, aliyekuwa amelala tangu kwenye mambo ya gia, akafungua jicho moja.

"Hii haiguswe. Iko ya ukwe."

Mkono ukarudi nyuma kana kwamba kreti ina moto. Kijana akavua miwani. "Oh! Munisamehe, wazee. Bwana arusi ni nani?"

Mjomba akaninyooshea kidevu.

Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mnaponicheka. Mimi nilimsifu moyoni. Nikasema, mzee huyu ni mjanja, ona alivyotunga uongo bila kukohoa. Kijana akashusha kamba, akanishika mkono kwa mikono miwili, akauliza tunaenda kwa nani. Mjomba akamtajia Papa Safi wa Baraka, mwenye nyavu. Mama wa ndagala akapiga vigelegele na kuinuka kwenye mguu wangu, jambo nililokuwa naliomba tangu Kalundu. Shoferi akasema kama ni hivyo basi nikae mbele, penye kiti. Nikakaa mbele. Nikapewa ndizi. Kiza akabaki juu kwenye vumbi na mbuzi, na mimi nikaona uongo huu ni kitu kizuri sana.

Mtu mwenye akili angejiuliza: kwenye barabara hii ambayo kila anayevuka ana simu, uongo huu utafika Baraka kabla yangu au baada yangu? Mimi nilikuwa nakula ndizi.

Mboko, na boti

Lori liliishia Mboko. Barabara ya mbele ilikuwa imeliwa na maji, tukaambiwa tuchukue boti. Tukala kwanza kwa mama mmoja mwenye kibanda cha makuti: bugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa kuchoma, mukeke, aliyefunika sahani yote. Mama alipoiona kreti akauliza, Mjomba akamjibu, na nikaongezewa kipande cha samaki. Sikukataa. Nilitabasamu kama bwana arusi anavyotabasamu. Nilikuwa nimeanza kuizoea kazi hiyo, tena nikaiona si ngumu.

Ndani ya boti Kiza alikuwa na hasira ya mtu ambaye hakuongezewa samaki. Akaanzisha.

"Tukifika kwa mzee, acha minye niseme juu ya muziki. Weye utamwambia thrashi, ataogopa. Duumu iko ya polepole. Ina heshima."

"Wimbo wetu wa kwanza una mwendo wa mtu anayekimbia polisi."

"Kwa gitaa. Ngoma zinaburuta."

"Safi haburuti kitu."

"Anaburuta! Sikiliza bendi kama Jiwe Moto wa Goma, utaelewa."

"Jiwe Moto ni hadikoo."

Abiria mmoja, mzee mwenye kofia, akauliza kama tunazungumzia siasa. Mjomba akamwambia hapana, ni magonjwa. Tukabishana mpaka mdomo ukakauka. Kreti ilikuwa palepale katikati yetu, imejaa, baridi ya ziwa imeishika, na Kiza akaitazama kwa muda mrefu. Mjomba akaweka mguu juu yake.

"Mjomba, huyo wa kamba hayuko hapa," nikamwambia kwa sauti ndogo. "Tunaweza kunywa mbilimbili."

Akanitazama kwa huruma, namna unavyomtazama mtu aliyevaa shati ndani nje. Leo najua alikuwa anafikiri nini.

Baraka

Pwani ya Baraka tulikuta watu wanatungoja. Nikadhani wanangoja samaki. Wakachukua kreti kutoka mikononi mwetu wakiimba.

Nyumbani kwa Papa Safi uwanja ulikuwa umefagiliwa, viti vimepangwa pande mbili, baba wadogo wa Safi wameketi na makoti katika joto lile. Papa Safi ni mtu mrefu, shemasi wa kanisa, mikono imekatwakatwa na kamba za nyavu. Akasema, "Karibuni. Tulisikia muko munakuja. Habari zenu zilifika mbele yenu."

Nikamnong'oneza Kiza: ona watu wanavyoheshimu muziki huku.

Mjomba akasimama, akajikung'uta vumbi. Akasema sisi ni watu wa Uvira, tunajulikana, hatujawahi kuiba. Kijana wetu ameona kitu kizuri katika nyumba hii na usingizi umempotea. Kiza akaniuliza kwa mdomo wa upande, "Anasema juu ya ngoma?" Nikamjibu ndiyo, ni lugha ya wazee. Kreti ikawekwa katikati. Kitenge kikapelekwa kwa mama yake Safi, huko ndani kukasikika vicheko.

"Kijana anafanyaka kazi gani?" Papa Safi akauliza.

"Anatengenezaka simu na redio," akasema Mjomba. "Na muziki."

"Muziki gani?"

Ilikuwa zamu ya kunyamaza. Kiza akasema, "Duumu." Mimi, kabla sijajizuia, "Thrashi, Papa." Kiza akasema, "Kwa heshima zote, Papa, yeye ni mwimbaji, hasikii ngoma." Nikasema afadhali mwimbaji kuliko mpiga besi asiyejua kuhesabu. Kiza akasimama. Nikasimama. Tukatajiana bendi, nchi na miaka mbele ya wazee wenye makoti, mpaka Mjomba akanivuta shati kwa nguvu, kifungo kikatoka.

Papa Safi alikuwa ametusikiliza bila kukunja uso. "Nyie wenyewe hamujui jina ya kitu munafanyaka," akasema, "na munataka niwapatie mutoto?"

Wazee wakacheka. Sisi tukaketi.

Hapo vigelegele vikapasuka, na wanawake wakamtoa Safi. Amefunikwa kitenge kipya kichwani mpaka mabegani, shangazi yake amemshika mkono, anatembea polepole. Safi! Anayeingia mazoezini kwa kuruka ukuta! Nikatazama kile kitenge, nikatazama kreti, nikatazama makoti ya wazee. Ndipo nilipoelewa kwamba maneno ya Mjomba hayakuwa uongo. Kila mtu pale alikuwa ameelewa tangu Makobola, isipokuwa mimi na Kiza, wataalamu.

Na niwaambie kilichonishtua zaidi: sikutaka kukimbia. Miguu ilikuwa imetulia. Walipomfunua uso nikaona nilikuwa na hamu naye kwa namna ambayo haikuhusu Jumamosi hata kidogo. Nilikaa pale kama gunia, na nilikuwa na furaha.

"Safi," Papa yake akasema. "Hawa batu unawajua?"

"Ninawajua, Baba."

"Hii sucré baliyoleta. Tunywe ao tusinywe?"

Mnajua swali hilo. Binti akisema mnywe, chupa zinafunguliwa na neno limeshikwa. Akisema msinywe, mnachukua mlichokuja nacho na njia mnaijua. Wazee wakasogeza viti mbele.

"Baba, niulize kwanza?"

"Uliza."

Akanigeukia. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Etiene. Weye na Kiza muko na jina ya kila kelele. Hii duumu, ile thrashi, ile nyeusi, ile ya wapi. Minye nimekaa nyuma ya ngoma nawasikia muda wote huu, nangoja mumalize. Sasa uniambie mbele ya baba yangu. Minye, unaniitaka nani?"

Kulikuwa na majibu mengi. Nimeyapata yote tangu siku hiyo, nikioga, nikilala, nikifungua redio za watu. Pale uwanjani nilitafuta kichwani nikakuta rafu zote zimejaa majina ya bendi. Nikasema:

"Weye ni mpiga ngoma wetu."

Halafu, kana kwamba shimo halijatosha, nikaongeza: "Wa maana sana."

Kiza, Mungu ambariki, akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kukubaliana.

Safi akatazama chini kidogo. "Baba," akasema, "musinywe."

Mjomba akafumba macho. Mmoja wa wazee akakohoa kwenye koti. Lakini Safi alikuwa bado amesimama.

"Tena, Baba, ulisema hauwezi kuniacha na batu haujue. Sasa umewajua. Ni wajinga, lakini si wabaya. Ngoma nataka kuenda kupiga. Cherehani haikimbie, itanikuta."

Papa Safi akasugua kovu moja la mkononi. Alipoongea alimwambia Mjomba, si mimi. Mimi nilikuwa nimeshakosa haki ya kuambiwa.

"Ya ngoma, nimekubali. Ataenda, na dada yangu atamufuata, atalala alipolala na kukaa alipokaa. Ya hii ingine..." Akaisukuma kreti kwa mguu, polepole, mpaka ikagusa viatu vyangu. "Kijana hakukataliwa. Alikuwa hajakuja bado. Murudi nayo nzima. Siku akiwa na neno, arudi nayo ileile. Lakini mukifungua hata chupa moja, minye sikuwaona."

Kisha wakatuletea chakula, tena kingi. Mukeke, wali, kuku. Nilikula nikitazama sahani.

Kurudi kwa maji

Boti ya kurudi ilienda moja kwa moja mpaka Kalundu. Shangazi yake Safi ni mama mpana, mpole, mwenye mwavuli. Aliketi kati yangu na Safi, na nafasi iliyobaki akaweka mwavuli.

Mjomba nilimfokea tulipofika katikati ya ziwa. Kwa nini hakuniambia?

"Nikuambie nini? Kila mara unakuja kwangu, Safi amepiga hivi, Safi amesema vile. Mama yako alijua. Jirani alijua. Minye nilidhani unaona haya, nikakusaidia." Akavuta ugoro. "Kumbe ulikuwa haujue kweli. Pole, mutoto wangu."

Safi alikuwa ameelekea mbele. Kreti ilikuwa miguuni pake, na baada ya muda akaanza kupiga juu yake kwa vidole, chupa zikijibu kwa ndani, tring, tring. Mwendo mzito, halafu ukakimbia, halafu mzito tena. Kiza akainua kidole. "Unaona? Hiyo ni..." Nikamwambia anyamaze au ataogelea. Akashusha kidole.

Jumamosi mlikuwepo wengi wenu, mliona. Ila wale waliobaki nje wakiuza karanga nitawaambia. Tulianza vizuri. Tulipofika "Kura Imeenda," katikati ya wimbo, kura ikaenda kweli. Gitaa likafa. Besi ikafa. Nikabaki nimefungua mdomo mbele ya kipaza sauti kisichosema. Ngoma haitumii umeme. Safi hakugeuza hata kichwa. Akaendelea peke yake, kama alivyopiga kwenye boti, ila sasa kwa mikono na miguu yote, na ukumbi mzima ukaanza kupiga makofi naye. Mimi nikashusha gitaa chini, nikasimama pembeni, nikamsikiliza. Sijui ni muziki wa aina gani. Sikujiuliza.

Alipomaliza nilimkuta Shangazi mlangoni, ameukunja mwavuli. Nikamuuliza ameonaje.

"Ile ya mwisho ni muzuri sana," akasema. "Mule mwanzo, nyie wawili mulikuwa munamusumbua."

Basi ndiyo habari ya kreti. Shangazi yuko Songo na Safi, na kila tukifanya mazoezi hapa kwangu anakuja na kuketi juu yake, maana anasema kiti changu ni kibovu. Anahesabu vifuniko kwa macho kabla hajaketi. Safi naye anaingia, anaitazama, ananitazama, anachukua vijiti. Hajaniuliza tena. Hataniuliza tena, namjua.

Mjomba amekubali kwenda nami tena Baraka Jumatatu. Kiza anabaki. Kifungo cha shati kimeshonwa, na aliyekishona ni Safi, akanirudishia shati limekunjwa.

Na msiniulize neno lenyewe ni lipi. Ninalo. Lakini si nyinyi mtakaolisikia kwanza.